Bunduki Iliyolazwa Stoo

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani. Msemaji alisoma hapa kidato cha kwanza hadi cha nne, akahitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na sasa ni mtumishi wa serikali katika kazi za wanyamapori.)



Katibu wa umoja wetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya "Maisha Baada ya Shule." Nilikubali upesi, kisha nikakaa siku tatu mbele ya karatasi tupu. Maisha baada ya shule ni mapana mno, na waliosimama hapa miaka iliyopita wameyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Basi nikamwandikia Katibu tena, nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya jambo moja dogo ninalolijua: namna ya kusafisha bunduki inayolazwa stoo muda mrefu, na kuizuia isishike kutu. Naona wadogo zangu huko nyuma wanatazama meza hii wakitafuta bunduki. Hakuna. Silaha ya serikali haitoki stoo kwenda kupamba hotuba. Nimekuja na misumari minne.

Misumari hii nimeiazima kwa fundi seremala wa shule, na vichupa vya kioo nimevipata maabara. Kaka zangu watalikumbuka jaribio hili la kidato cha kwanza. Chupa ya kwanza ina msumari mkavu na kemikali inayonyonya unyevu, nayo imezibwa. Ya pili ina maji yaliyochemshwa mpaka hewa ikatoka, na juu yake nimemimina mafuta ili hewa isirudi. Ya tatu ina maji ya bomba na iko wazi. Ya nne ni kama ya tatu, ila nimetia kijiko cha chumvi. Baada ya wiki moja msumari wa kwanza na wa pili itakuwa bado inang'aa. Wa tatu utakuwa umeshika kutu. Wa nne utakuwa umeharibika zaidi ya wote. Sisi tuliandika matokeo hayo katika madaftari, tukapata alama zetu, tukaenda kucheza mpira. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka kumi kuelewa nilichoandika.

Maana yake ni hii. Chuma hakiliwi na maji peke yake, wala na hewa peke yake. Lazima vyote viwili vikutane juu yake, na chumvi ikiwapo kazi hiyo huenda mbio. Tena hapahitajiki maji ya kumiminika. Unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 60, utando mwembamba wa maji usioonekana hukaa juu ya chuma, nao unatosha. Hapa pwani unyevu wetu aghalabu hupita kiasi hicho usiku, na wakati wa masika hupita mchana na usiku. Kadhalika kutu si kama ile rangi ya kijani inayotanda juu ya shaba kuukuu na kuilinda. Kutu huvimba, hubanduka, huacha mwanya, na chuma kipya huingia zamu. Tena kuna chumvi tunayotembea nayo sisi wenyewe, yaani jasho. Mtu akishika mtutu kwa mkono mtupu leo na kuurudisha stoo bila kuufuta, baada ya wiki chache atakuta alama za vidole vyake mwenyewe zimeandikwa kwa kutu. Nimeziona mara nyingi. Polisi wangefurahi.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la misumari tu kwangu.

Mwaka 2009 nilikuwa afisa kijana katika wilaya moja ya kusini. Wadogo zangu huenda hawajui jinsi vijiji vya huko vinavyoishi na wanyama. Watafiti waliochapisha hesabu yao mwaka 2005 walipata kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika nchi yetu, wengi wao kusini, na baadhi yao wakiwa wamelala kwenye madungu wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu. Na hao ni simba tu. Wapo tembo, viboko na nyati. Mwanakijiji akija ofisini kusema mnyama ameingia, anakuja kwa sababu hana kitu kingine cha kufanya, na kinachotoka kumsaidia ni askari wawili na bunduki mbili.

Tulikuwa na bunduki nne stoo. Mbili zilikuwa za kaliba .375, na mbili za .458, ambayo risasi yake hurusha kipande cha gramu 32 hivi na imetengenezwa kwa wanyama wakubwa. Moja ya hizo .458 haikuwa imetoka kwa miezi minane. Kila mwisho wa mwezi nilitakiwa kukagua na kutia saini katika kitabu. Nami nilikuwa nikisimama mlangoni, nahesabu vitako vinne, naandika "Silaha zote ziko katika hali nzuri," natia saini, narudi kwenye mafaili yangu. Nilifanya hivyo mara saba.

Asubuhi moja ikaja habari kwamba nyati mwenye jeraha la waya wa mtego yuko katika shamba la mihogo, na amekwisha mkimbiza mama mmoja. Wakaenda askari wawili. Mkubwa wao sote tulimwita Mzee, mtu wa miaka zaidi ya ishirini kazini. Yeye alichukua ile .458 iliyolala. Nyati alitokea kwenye kichaka umbali wa hatua kama thelathini, akaja. Mzee akalenga, akavuta. Bunduki ikalia "ta," basi. Akavuta bolti ili atoe risasi ile aweke nyingine; risasi ikang'ang'ania ndani ya chemba kama imegundishwa. Mwenzake alimwangusha nyati kwa .375, lakini Mzee alikuwa amekwisha rushwa. Alivunjika paja na nyonga. Hakufa. Ila hakurudi porini tena, na mpaka leo hatembei bila mkongojo.

Jioni ile nilifungua bunduki ile mwenyewe juu ya meza yangu. Ndani ya bolti, kuzunguka pini inayopiga fataki na springi yake, palikuwa na gundi ya rangi ya asali. Pini ilikuwa inakwenda kama mtu anayepita kwenye tope. Ilifika kwenye fataki, lakini haikuwa na nguvu ya kuipasua. Chemba ilikuwa na kutu yenye vidonda, na humo ndimo ganda la risasi liliposhikwa. Nikamwita mtunza stoo. Akaniambia, bila kuficha, "Bwana Afisa, mafuta ya bunduki yalikwisha. Niliona kutu inaanza, nikapaka mafuta ya kula, ya alizeti. Niliandika barua ya kuomba mengine."

Barua ile niliipata katika trei yangu. Ilikuwa inangoja saini yangu tangu miezi mitano nyuma.

Nilikwenda hospitali nikamweleza Mzee yote. Akanisikiliza, akatazama dari, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nami sikuifungua asubuhi ile." Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza kila fundi wa silaha niliyekutana naye, na haya nitakayosema sasa ndiyo niliyoyapata. Baadhi ya kaka zangu hapa wanamiliki bunduki kwa leseni, na wengine ni maofisa wenye maghala chini yao. Wadogo zangu, wapo kati yenu watakaokuja kutia saini vitabu vya namna hiyo.

Kwanza kabisa, bunduki isiguswe kwa kusafishwa kabla ya kuhakikisha ni tupu. Elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, fungua bolti, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole upapase. Jicho hudanganywa na giza la stoo. Risasi ziwekwe mbali, ikiwezekana chumba kingine. Watu wengi wanaouawa na bunduki "tupu" wameuawa na watu walioamini macho.

Kisha toa bolti. Safisha mtutu kwa kuanzia upande wa chemba, ukisukuma mdeki kuelekea mdomoni, kwa sababu ukingo wa mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi, na mdeki ukiukwangua kila siku bunduki hupoteza shabaha. Pitisha kitambaa chenye dawa ya kuyeyushia masizi ya baruti, uache kidogo, pitisha brashi ya shaba, ambayo ni laini kuliko chuma cha mtutu, kisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kama kilivyoingia. Usisahau chemba. Mtutu watu huupenda kwa sababu ukiutazama dhidi ya mwanga unaona mifereji yake ya msokoto inang'aa, inafurahisha macho. Chemba haionekani vizuri, basi husahauliwa, na ndiyo iliyomvunja Mzee.

Hapa niseme habari ya risasi za zamani, maana wengi hawaijui. Risasi nyingi za kijeshi za enzi za vita vikuu, kama zile za .303 za Waingereza, zilikuwa na fataki ambazo zikilipuka huacha ndani ya mtutu chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi ile hunyonya unyevu wa hewa, na mtutu huweza kuanza kuharibika kesho yake. Sasa, mafuta hayayeyushi chumvi. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu, nayo inaendelea kula huko chini. Inayoiondoa ni maji. Askari wa Kiingereza walifundishwa kumimina maji ya moto kupitia mtutu kwa kutumia faneli, kukausha, ndipo wapake mafuta. Watu wakisikia maji katika bunduki hushtuka, lakini maji ya moto yakifuatwa na vitambaa vikavu hayadhuru, kwa kuwa joto lenyewe husaidia kukausha. Wasasi wetu wa zamani waliotumia magobori walilijua hilo bila kufundishwa na mtu, kwa maana masizi ya baruti nyeusi nayo hunyonya unyevu, na walikuwa wakiyaosha kwa maji. Risasi za viwandani za siku hizi za kuwindia kwa kawaida hazina chumvi hiyo.

Sasa mafuta. Mafuta ya bunduki hasa ndiyo yanayofaa, na yasipopatikana, mafuta safi ya cherehani ni afadhali kwa muda mfupi. Mafuta ya kula hayafai hata kidogo. Ya alizeti yakikaa hewani hukauka yakawa gundi, kama unavyoona pembeni mwa kikaango cha zamani. Ya nazi, ambayo watu wa pwani tunayapenda kwa kila jambo, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mpeleke nayo mtu Njombe mwezi Julai, bolti yake itakuwa na samli. Yale mepesi ya kupuliza kutoka kwenye kopo ni mazuri kwa kufukuza maji baada ya kunyeshewa, lakini mengi yao hutoweka na kuacha utando mwembamba usiotosha kulinda miezi.

Na kiasi? Hapa ndipo wenye bidii hukosea. Anayeipenda bunduki yake huizamisha. Paka utando tu, kiasi cha kuona mng'ao kwenye kidole. Mafuta mengi hukusanya vumbi, huteremka ndani ya mti wa kitako na kuulainisha, huingia kwenye kifyatulio, na hatimaye huwa mazito. Ndani ya bolti weka karibu na hakuna. Kwa bunduki itakayolala mwaka mzima bila kutumika, mtutu unaweza kupakwa grisi nyepesi, lakini hiyo iandikwe kwenye karatasi na ifungwe kwenye bunduki yenyewe, kwa sababu kabla ya kupiga lazima mtutu na chemba vifutwe vikauke. Mtutu wenye grisi ukipigwa risasi unaweza kufura au kupasuka.

Mahali pa kuilaza pana mambo yake. Ile mifuko mizuri ya ngozi na turubai, yenye manyoya ndani, ni ya kusafiria. Ukiiacha bunduki humo inalala na blanketi lenye maji, na ngozi yenyewe ina chumvi na asidi za kuitengenezea. Nimetoa bunduki ya mzee mmoja kutoka katika ala aliyonunua kwa heshima kubwa, nusu moja imekuwa nyekundu kama tofali. Vilevile usizibe mdomo wa mtutu kwa kitambaa kwa nia ya kuzuia mende. Kitambaa hunyonya maji, na siku ya haraka mtu husahau kukitoa. Bunduki isimame kwenye rafu ya mbao iliyopakwa rangi, isiguse ukuta wa saruji, na ikiwezekana mdomo uelekee chini juu ya kipande cha mbao, ili mafuta yakiteremka yatoke nje badala ya kuingia kwenye bolti na kitako. Ndani ya kabati la chuma weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, lakini ujue hushiba. Lazima vikaushwe kwa joto au vibadilishwe. Wapo wanaoweka mchele. Mchele utawaletea panya.

Jambo jingine linalowakamata wenzetu wa mijini ni kipoza hewa. Bunduki iliyotoka kwenye chumba baridi ikaingia katika joto la nje la Dar es Salaam hutoka jasho kama chupa ya soda. Ukiifunga katika mfuko wakati huo, umeyafungia maji ndani. Iache wazi ipate joto, ifute, ndipo uipake mafuta upya.

Je, kutu ikiwa imekwisha ingia? Usikimbilie msasa. Weusi ule wa bunduki nao ni aina ya kutu, nyeusi, iliyotengenezwa kwa makusudi ili ikae juu na kushika mafuta; msasa huuondoa pamoja na ile nyekundu, na umebaki na chuma kitupu. Mimina mafuta mepesi juu ya kutu, uyaache siku nzima yaingie chini yake, kisha sugua polepole kwa nyuzi laini kabisa za shaba au za chuma, zikiwa zimelowa mafuta. Futa, tazama, rudia. Kutu ya juu itaondoka. Vidonda haviondoki, chuma kilichokwisha liwa hakirudi, na kazi yako ni kuzuia visizidi. Ikiwa vidonda viko ndani ya chemba, au mtutu una uvimbe, au bolti haifungi sawasawa, hiyo si kazi ya nyumbani. Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali, na mpaka atakapoipitisha isipigwe.

Neno moja kwa kaka zangu wenye leseni. Leseni ni ya mtu na hairithiwi kama shamba la minazi. Nimekuta bunduki za marehemu zimefichwa darini miaka na miaka kwa sababu watoto waliogopa kuulizwa maswali. Zinaoza huko, tena ni kosa. Silaha zetu sasa ziko chini ya sheria ya mwaka 2015, na bunduki ya marehemu mahali pake ni kituo cha polisi, siku zile zile za msiba, na mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe.

Mkuu wa Shule ameniuliza kabla sijapanda hapa, bunduki ya stoo ikaguliwe mara ngapi. Kwa pwani na mabonde kama ya Rufiji na Kilombero, mimi nasema kila wiki mbili wakati wa masika na kila mwezi wakati mwingine. Dodoma unaweza kwenda miezi miwili, ingawa huko adui ni vumbi. Lakini kukagua maana yake ni kutoa bolti, kutazama kupitia mtutu dhidi ya mwanga, kuingiza kitambaa cheupe ndani ya chemba na kukitoa. Kwangu sasa kitabu kina safu ya ziada: kitambaa kile hukatwa kipande na kubanwa kwa pini pembeni ya saini. Wakaguzi wa hesabu waliniuliza hayo ni matambara gani. Nikawaeleza, wakaandika wakapita.

Mzee nilimwona mwezi uliopita. Ana duka dogo na wajukuu wengi. Aliniuliza kama ile .458 bado ipo. Nikamwambia ipo, mtutu wake ulikuwa mzima, ila chemba ilimshinda fundi, nayo imetolewa kazini. Akasema ilikuwa bunduki nzuri.

Vichupa vinne nitaviacha kwenye dirisha la maabara, kwa ruhusa ya mwalimu wa kemia. Vina tarehe ya leo. Kidato cha kwanza wavitazame Jumamosi ijayo, na yule atakayeandika matokeo naomba afungue kwanza kile cha nne, autoe msumari, aushike mkononi.